Ghala Chini ya Bahari: Tuipimeje Miamba Yetu?

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtaalamu wa miamba, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika Korogwe)



Kamati ya maandalizi iliniomba nieleze kazi yangu kwa lugha ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza ataielewa na mzee aliyestaafu hatasinzia. Sharti la pili ni gumu kuliko la kwanza, hasa baada ya pilau tuliyokula. Nitajitahidi.

Siku hizi dunia inatafuta maghala chini ya ardhi, na hasa chini ya bahari, ya kuwekea gesi za aina mbili. Ya kwanza ni hewa ya ukaa, ile itokayo katika moshi wa makaa, mafuta na viwanda, ambayo ikizidi angani huongeza joto la dunia. Ya pili ni haidrojeni, ambayo ikiungua huacha maji tu, na kwa hiyo inatazamiwa kuwa kuni safi ya baadaye. Hewa ya ukaa tunataka kuizika isirudi. Haidrojeni tunataka kuiweka akiba, tuitoe siku ya haja. Kaburi na kihenge ni vitu viwili, lakini vyote hutaka kifuniko. Hilo ndilo neno langu la leo: ghala la chini ya bahari halipimwi kwa ukubwa wake kwanza, hupimwa kwa kifuniko chake, na kifuniko hakithibitishwi kwa maneno matamu.

Mtu atauliza: Handeni na Korogwe zina nini na miamba ya baharini? Zina bomba. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilometa 1,443, na kabla ya kufika pwani linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Tangu uamuzi wa mwisho wa kuligharimia ulipotolewa Februari 2022, kila nijapo nyumbani huulizwa swali lile lile, sokoni na stendi: "Kama mafuta yanatoka chini ya ardhi, kwa nini moshi wake usirudishwe huko huko chini, hapo baharini Tanga?" Ni swali la mtu mwenye akili, na linastahili jibu kamili.

HESABU KWANZA

Wanafunzi, chukueni kalamu. Bomba limekusudiwa kupitisha kiasi cha mapipa 216,000 kwa siku. Pipa moja la mafuta likichomwa hutoa takriban kilo 430 za hewa ya ukaa. Zidisheni, kisha zidisheni kwa siku 365. Mtapata karibu tani milioni 34 kwa mwaka.

Lakini mafuta hayo hayakukusudiwa kuchomwa Chongoleani. Yatachomwa katika magari, meli na ndege za nchi nyingi, na hakuna awezaye kulifuata kila gari na gunia la kukusanyia moshi. Hewa ya ukaa hukamatika kwa urahisi zaidi pale inapotoka kwa wingi mahali pamoja: mitambo ya umeme, viwanda vya mbolea, viwanda vya saruji. Hapa Tanga saruji tunaijua. Kilo 100 za mawe safi ya chokaa zikichomwa hubaki kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zimeruka kuwa hewa ya ukaa, mbali na moshi wa kuni au makaa yaliyochoma. Mzee aliyewahi kupanga tanuri la chokaa pwani anajua kwamba jiwe hutoka jepesi kuliko lilivyoingia. Sasa anajua uzito ulikwenda wapi.

MWAMBA UFAAO NI UPI?

Watu wengi hudhani kwamba chini ya bahari kuna pango kubwa, kama Mapango ya Amboni, ambamo gesi humiminwa kama maji katika pipa. Sivyo. Gesi hukaa ndani ya jiwe lenyewe. Chukua kinoo cha mawe ya mchanga, ukidondoshee maji. Utaona maji yanatoweka. Yameingia kati ya chembe na chembe. Chini ya bahari nafasi hizo zimejaa maji ya chumvi tangu zamani, na gesi inaposukumwa kwa kisima huyasogeza maji hayo ikakaa mahali pake.

Basi mtaalamu huuliza mwamba maswali manne.

La kwanza ni nafasi: katika kila kipande cha jiwe, sehemu gani ni tupu? Mwamba mzuri wa mchanga waweza kuwa na sehemu moja ya tano.

La pili ni njia: je, vitundu hivyo vimeungana? Jiwe laweza kuwa na vyumba vingi visivyo na milango. Hilo halifai.

La tatu ni kina. Hewa ya ukaa huhitaji kushuka kiasi cha mita 800 au zaidi. Huko joto na mgandamizo huifanya iwe nzito karibu kama kimiminika. Tani moja ambayo hapa juu ingechukua zaidi ya mita za ujazo 500, kule chini huenea katika mita za ujazo mbili hivi.

La nne ndilo kubwa: kifuniko. Gesi ni nyepesi kuliko maji ya chumvi yaliyomo mwambani, kwa hiyo siku zote hutaka kupanda. Juu ya mwamba wa mchanga lazima pawe na tabaka la mfinyanzi uliogeuka jiwe, au la chumvi, ambalo vitundu vyake ni vidogo mno hata gesi ishindwe kupenya.

Natoa mfano wa kubuni, ili mwone kwa nini ukubwa hudanganya. Tuseme tumepata mwamba wa mchanga wenye urefu wa kilometa 10, upana wa kilometa 5 na unene wa mita 50. Ujazo wake ni mita bilioni 2.5. Sehemu ya tano ikiwa tupu, tuna mita za ujazo milioni 500. Mtu asiyejua atashangilia. Lakini maji hayatoki yote, gesi hukimbilia juu na kuacha sehemu kubwa bila kuguswa, na mgandamizo ukizidi kifuniko hupasuka. Mara nyingi kinachotumika katika mwamba wa maji ya chumvi ni asilimia chache tu. Tukichukua asilimia 2, tunabaki na mita za ujazo milioni 10, yaani tani milioni 6.5 hivi. Linganisheni na zile milioni 34. Mwamba wetu mkubwa haufikishi miezi mitatu.

NYUMBANI NA PWANI YETU

Sasa tulijibu lile swali la sokoni. Chini ya Handeni na Korogwe hakuna ghala. Miamba yetu, pamoja na ile ya milima ya Usambara, ni ya kale sana, iliyopikwa kwa joto na mgandamizo mpaka ikakaza. Ndiyo iliyotupa vito na dhahabu ya Handeni, lakini haina vile vitundu vya kinoo. Ukishuka kuelekea Tanga utakuta miamba mingine, ya mchanga na tope vilivyotandikwa tabaka juu ya tabaka, kisha mawe ya chokaa ya Amboni. Tabaka za namna hiyo huendelea kuelekea baharini. Kwa hiyo mtu hawezi kusema kwamba pwani ya Tanga haina mwamba wa kufaa. Lakini hawezi pia kusema kwamba unafaa kwa sababu tu bomba linaishia pale. Ukaribu hupunguza gharama ya usafiri, haukazi kifuniko.

Tazameni kusini. Mwaka 1952 makampuni ya BP na Shell yalianza kutafuta mafuta katika pwani yetu, yakachimba hata Mafia, Unguja na Pemba, bila kupata hazina ya biashara. Mwaka 1974 gesi iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, na mwaka 1982 Mnazi Bay, Mtwara. Gesi ya Songo Songo ilianza kuendesha mitambo ya Dar es Salaam mwaka 2004. Kuanzia 2010 gesi nyingi zaidi iligunduliwa katika bahari kuu, mbele ya Lindi na Mtwara.

Ugunduzi huo una maana ambayo watu wengi hawaitazami. Gesi ya Songo Songo imekaa katika miamba ya mchanga, imefunikwa na miamba ya tope, kwa mamilioni ya miaka. Pale maumbile yenyewe yamefanya jaribio ambalo hakuna maabara yawezayo kulifanya. Mwamba uliotunza gesi muda huo una hati mkononi. Mwamba mtupu usiowahi kutunza chochote hauna hati. Lazima uchunguzwe upya tangu mwanzo.

Hata hivyo hati hiyo ina mipaka mitatu. Kwanza, shamba la gesi linalozalisha si ghala tupu. Huwezi kuweka na kuvuna bila mpango. Pili, kila kisima kilichochimbwa ni tundu katika kifuniko. Hewa ya ukaa ikichanganyika na maji hugeuka tindikali dhaifu, nayo hula saruji na chuma cha visima vya zamani polepole. Tatu, kifuniko kilichozuia gesi asilia hakijaapa kuzuia gesi nyingine. Kila gesi ipimwe kwa jina lake.

JINSI YA KUHOJI MWAMBA USIOUONA

Vijana watauliza: mwamba uliofunikwa na bahari na mita elfu mbili za mawe utaupimaje? Mnamwona mama wa Muheza anavyogonga fenesi kujua kama limeiva? Nasi twagonga. Meli hufyatua mshindo wa hewa iliyogandamizwa. Sauti hushuka, hugonga kila tabaka na kurudi, ikapokewa na visikizi vilivyofungwa katika kamba ndefu nyuma ya meli. Kwa kuhesabu muda wa kwenda na kurudi, twachora picha ya matabaka, mikunjo yake na nyufa zake.

Picha haitoshi. Lazima kichimbwe kisima, na kitolewe kipande cha mwamba chenye umbo la mche duara, kipelekwe maabara. Cha mwamba wa mchanga hupimwa nafasi na njia. Cha kifuniko husukumiwa gesi upande mmoja, nguvu ikiongezwa kidogo kidogo, mpaka gesi ipenye. Nguvu hiyo ndiyo mpaka ambao ghala halitakiwi kuufikia.

Kisha nyufa. Baadhi yetu tunakumbuka usiku wa Agosti 12, 2020, tetemeko la bahari ya Mafia lilipotikisa Dar es Salaam na kusikika hata Tanga. Lilikuwa na ukubwa wa kiasi cha 6. Lilitukumbusha kwamba chini ya bahari yetu nyufa nyingine bado ni hai. Ghala likikaribia ufa wa namna hiyo, mgandamizo tunaouongeza sisi waweza kuuamsha.

HAIDROJENI NA FUKUSI WAKE

Haidrojeni ina mambo yake. Sisi wa Korogwe tunaelewa akiba: Bwawa la Nyumba ya Mungu huhifadhi maji ya mto Pangani, na mitambo ya Hale hupata maji hata mvua ikichelewa. Kwa umeme wa ziada twaweza kuyagawa maji tukapata haidrojeni, tukaiweka, na wakati wa ukame tukaichoma. Ni bwawa la namna nyingine.

Lakini gesi hii ni nyepesi kuliko zote. Kwa ujazo ule ule na mgandamizo ule ule, hubeba kama theluthi moja tu ya nguvu ya gesi asilia. Kwa hiyo ghala lake sharti liwe kubwa mara tatu. Hudhoofisha baadhi ya vyuma. Na kama mahindi ya Handeni, ina fukusi wake: bakteria waishio mwambani ambao huila. Huko Lobodice, katika nchi ya Czech, gesi ya mjini iliyochanganyika na haidrojeni nyingi iliwekwa katika mwamba wenye maji. Baada ya miezi michache sehemu kubwa ya haidrojeni ilikuwa imegeuzwa kuwa methani. Mwenye ghala alifungua kihenge akakuta nafaka nyingine.

Ghala zilizozoeleka za haidrojeni ni mashimo yaliyochongwa ndani ya chumvi, Teesside huko Uingereza tangu miaka ya 1970, na Texas, Marekani, tangu 1983. Chumvi haipitishi gesi, na ikipata ufa hujiziba yenyewe. Kwetu, visima vya utafutaji katika bonde la Mandawa, upande wa Kilwa na Lindi, vilikuta tabaka nene za chumvi. Ni nchi kavu, lakini karibu na bahari, na yafaa kuchunguzwa kabla ya kukimbilia mchanga wa chini ya bahari, ambako mpaka leo hakuna ghala la biashara la haidrojeni tupu.

WALIOTUTANGULIA

Wanorwe walianza kuzika hewa ya ukaa chini ya bahari mwaka 1996, mahali paitwapo Sleipner, karibu tani milioni moja kila mwaka, na ghala hilo limeonyesha kwamba kazi hii inawezekana. Lakini hao hao, katika ghala lao la pili la Snøhvit lililoanza 2008, waliona mgandamizo unapanda haraka kuliko walivyohesabu, wakalazimika kuhamia tabaka jingine mwaka 2011. Huko In Salah, Algeria, kazi ilianza 2004 ikasimamishwa 2011, baada ya setelaiti kuonyesha ardhi inanyanyuka na wataalamu kuingiwa na shaka juu ya usalama wa kifuniko. Ilikuwa imezikwa chini ya tani milioni nne.

Nchi zote mbili zilikuwa na wataalamu na vyombo. Kilichowaokoa si kwamba hesabu zao za kwanza zilikuwa sahihi. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa macho, waliendelea kupima, na walipoona hatari walisimama. Ghala lisilo na mlinzi ni hatari hata kama mwamba ni mzuri. Na mlinzi huyu hahitajiwi kwa miaka mitano ya mkataba. Anahitajiwa kwa vizazi.

Hewa ya ukaa si sumu ya kawaida. Twaipumua nje kila dakika. Lakini ni nzito kuliko hewa, na ikitoka kwa wingi mahali pamoja hufukuza hewa ya kupumua. Agosti 1986 ilitoka yenyewe katika Ziwa Nyos, Cameroon, ikaua watu zaidi ya 1,700. Lile lilikuwa ziwa la volkeno, wala si ghala, na mwamba wa kilometa moja chini ya bahari haufanani nalo. Nalitaja ili tusiseme kwamba kinachozikwa ni upepo tu. Na ghala likivuja chini ya bahari, maji huwa makali kwa matumbawe na kombe. Tanga ina wavuvi, na ina Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale. Hao nao wana haki ya kuuliza.

KAZI ILIYO MBELE

Ndugu zangu, biashara ya kaboni imekwisha kufika nchini. Kanuni zake zilitolewa 2022. Atakuja siku moja mgeni na picha nzuri za rangi, aseme: "Chini ya bahari yenu kuna nafasi ya mamilioni ya tani, tupeni tuijaze." Siku hiyo nani wetu atakuwa upande wa pili wa meza? Picha za mitetemo na vipande vya miamba vilivyokusanywa katika bahari yetu ni mali ya taifa, navyo vyatakiwa kutunzwa. Lakini jiwe ghalani halisemi. Husema mbele ya mtu aliyefunzwa kulihoji.

Kwa hiyo vijana, fizikia, kemia, hesabu na jiografia msizikimbie. Mlango uko wazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo cha Madini Dodoma. Hata wewe utakayekuwa mwalimu, diwani au mkulima, shika maswali haya: Kifuniko ni mwamba gani, na kilipimwa wapi? Visima vya zamani viko wapi? Ufa ulio karibu uko umbali gani? Nani atapima baada ya kampuni kuondoka, na kwa fedha ya nani? Asiyeweza kuyajibu asipewe ghala.

Na kwenu wanafunzi wa zamani nina ombi dogo. Shule haina hata sanduku moja la mawe. Mkutano ujao kila mmoja wetu alete jiwe moja kutoka anakofanya kazi au anakoishi, lenye karatasi inayosema limeokotwa wapi. Wa Handeni alete lile gumu la kwetu, wa Amboni alete chokaa, wa Kilwa alete mchanga. Mimi nitaleta kipande cha mfinyanzi uliogeuka jiwe, ili mtoto wa kidato cha kwanza akidondoshee maji na kuona yanavyogoma kuingia. Siku hiyo atakuwa amekiona kifuniko kwa macho yake.